Maswali na Majibu: Risasi Alizoziacha Babu

SWALI

Kwa Mjibu Maswali, salamu nyingi kutoka Njoro. Nyanya yetu alipofariki mwaka jana tulilifungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda chake tangu babu alipotutoka. Babu alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza katika Afrika Mashariki, na alipigana Burma mwaka 1944; baada ya vita alifanya kazi ya kumbebea bunduki mwindaji mmoja wa Kizungu kwa miaka mingi. Ndani ya sanduku mna mkanda wa kitambaa cha rangi ya udongo wenye mifuko mitano, minne ikiwa na risasi kumi kumi na wa tano ukiwa mtupu. Kwenye kitako cha kila risasi pamepigwa chapa K, 43 na VII, na katikati pana duara la zambarau. Iko risasi nyingine moja iliyofungwa peke yake, yenye herufi G na duara jekundu. Mwisho kuna pakiti ndogo ya rangi nyekundu na manjano iliyoandikwa Kynoch na .470, yenye risasi tano nene. Baba mdogo ana bunduki ya .308 iliyo na leseni, naye anasema risasi za mkanda zitamfaa kwa kutishia fisi wanaosumbua kondoo. Binamu yangu anasema ile pakiti huuzwa ng'ambo kwa pesa nyingi. Je, vitu hivi vina thamani gani, na vinaweza kutumika?
Mjukuu, Njoro

JIBU

Mjukuu wetu, nitaanza na baba mdogo, kwa maana hatari iliyo karibu zaidi ni yake. Mwambieni leo hii asijaribu kuingiza hata risasi moja ya sanduku hilo katika bunduki yake. Risasi za mkanda ni za .303, na jina hilo linakaribiana na .308 kwa macho tu. Katika .303 tarakimu zinataja kipenyo cha tundu la mtutu kikipimwa juu ya matuta ya mifereji yake, ilhali katika .308 zinataja kipenyo cha kichwa cha risasi chenyewe. Ndiyo maana kichwa cha risasi ya .303, ambacho ni kama .311 ya inchi, kwa kweli ni kinene kuliko kile cha .308, ingawa namba yake ni ndogo. Ganda la .303 lina ukingo uliotokeza kwenye kitako, na la .308 halina. Ni risasi mbili zisizo na undugu wowote, na anayezichanganya huhatarisha uso wake na vidole vyake. Isitoshe, cheti cha baba mdogo kinataja silaha yake pamoja na kiasi cha risasi anachoruhusiwa kuwa nacho, na risasi za babu hazimo humo.

Hapo ndipo lilipo jambo zito zaidi, ambalo ninyi wanafamilia hamkuliuliza. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimkatazi mtu kumiliki bunduki bila cheti tu, bali inamkataza vilevile kuwa na risasi bila cheti. Haisemi kwamba risasi ya mwaka 1943 ni kumbukumbu na ya mwaka huu ni silaha. Zote ni risasi, na adhabu yake ni kifungo kinachohesabiwa kwa miaka. Cheti nacho ni cha mtu, si cha boma. Hata kama babu angekuwa nacho siku za uhai wake, kisingewafikia kwa urithi kama shamba au ng'ombe. Kwa hiyo tangu siku mlipolifungua sanduku hilo mkajua kilichomo, aliye na ufunguo wake ndiye anayehesabiwa kuwa na risasi, na mtu huyo hana budi kuchukua hatua mapema kabla jirani mwenye kinyongo hajaichukua kwa niaba yake.

Sasa nirudi kwenye swali lenyewe la thamani, maana ni swali zuri na sanduku lenu lina mengi ya kusema. Chapa K ni ya kiwanda cha Kynoch mjini Birmingham, Uingereza. 43 ni mwaka wa kutengenezwa, yaani 1943. Na VII ni namba ya muundo, ule uliokubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1910 ukatumika katika vita vyote viwili vikuu. Kichwa chake kina uzito wa gramu 11 na ushei, nacho kina siri ndogo ambayo wengi hawaijui: ncha yake, chini ya gamba lake la nje, haikujazwa madini ya risasi bali alumini au kitu kingine chepesi, ili uzito ukae nyuma. Duara la zambarau linaonyesha kwamba ni risasi ya kawaida ya vita. Herufi G na duara jekundu ni alama za risasi ya kumulika njia, ile inayoacha mstari wa moto nyuma yake ili mpigaji aone inakoelekea. Mkanda wenye mifuko mitano ndio uliokuwa ukigawiwa askari, kila mfuko ukiwa na klipu mbili za risasi tano tano, hamsini kwa jumla. Mfuko ulio mtupu una maana kwamba risasi kumi zilikwenda mahali fulani, na hadithi ya zilikokwenda pengine babu alizikwa nayo.

Msiharakishe, hata hivyo, kusema kwamba mkanda huo ulivaliwa Burma. Kwamba chapa ni ya 1943 na babu alikuwa vitani mwaka 1944 ni jambo linalopendeza moyo, lakini chapa hueleza siku ya kuzaliwa kwa risasi, haielezi ilikopita. Shehena za miaka ile zilibaki katika maghala ya jeshi na polisi kwa muda mrefu, na bunduki za .303 zilitumika sana hapa kwetu wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 na hata baada ya uhuru. Babu angeweza kuupata mkanda huo katika mojawapo ya nyakati hizo. Kama kuna daftari lake la jeshi, barua, au nishani ya Burma Star, hivyo ndivyo vitakavyothibitisha habari zake, wala si risasi.

Kwa upande wa fedha, risasi za .303 za wakati wa vita zilitengenezwa kwa mamilioni yasiyohesabika, na katika nchi ambazo mkusanyaji anaruhusiwa kuzinunua, risasi moja ya kawaida haifikishi hata bei ya mlo wa hotelini. Pakiti ya .470 ni habari tofauti, na katika hilo binamu yako hakukosea sana. Hiyo ni risasi ya kuwindia tembo na nyati, yenye kichwa cha gramu 32 hivi, iliyobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya bunduki za mitutu miwili zilizotengenezwa kwa mkono. Kiwanda cha Kynoch kiliacha kutengeneza risasi kubwa za uwindaji katika miaka ya 1960, na kwa hiyo pakiti za zamani, hasa zilizo nzima na karatasi yake haijachanika, hutafutwa na wakusanyaji wa Uingereza na Marekani. Hata pakiti tupu huuzwa. Hata hivyo bei ya ng'ambo haimfai mtu wa Njoro asiyeweza kufika sokoni: huwezi kuziweka risasi posta, huwezi kuzipandisha ndege kwa siri, na hapa nchini anayeruhusiwa kuuza na kununua ni mfanyabiashara mwenye leseni, ambaye naye hatazipokea kutoka kwa mtu asiye na cheti. Ninawaonya pia dhidi ya kupiga picha na kuiweka mtandaoni ili kuuliza bei. Picha hiyo ni ushahidi mliojitolea wenyewe.

Ama kuhusu kuzitumia, tuseme kwa muda kwamba sheria haipo na baba mdogo ana bunduki ya .303 iliyo sawa. Bado ningemkataza. Baruti ya risasi hizo kwa kawaida ni kordaiti, ambayo mtu akiifungua ataiona kama tambi nyembamba za rangi ya kahawia zilizopangwa kwa urefu wa ganda. Ni mchanganyiko wa nitrogliserini, pamba iliyotiwa asidi na mafuta mazito ya petroli, na adui yake ni joto. Watengenezaji walilijua hilo mapema, kiasi kwamba kwa bunduki kubwa zilizoletwa Afrika na India walipunguza kiasi cha kordaiti, kwa kuwa kadiri hewa inavyokuwa na joto ndivyo msukumo ndani ya mtutu unavyopanda. Njoro yenyewe ni mahali pa baridi, lakini chumba cha mabati mchana wa Januari si baridi, na risasi iliyopashwa joto mchana na kupoa usiku kwa miongo kadhaa hubadilika ndani bila kuonyesha dalili nje. Baruti ikianza kuoza hutoa mvuke wenye asidi unaokula shaba kutoka ndani. Shingo ya ganda hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, na fataki, ile ya kitakoni inayowasha baruti, iliyotengenezwa kwa zebaki katika risasi nyingi za enzi hizo, hupoteza nguvu.

Matokeo yake mtu huvuta kifyatulio na kusikia mlio mdogo tu. Wengi hapo hufungua bunduki mara moja kutazama kulikoni, na hilo ndilo kosa linaloua, kwa sababu risasi ya aina hiyo yaweza kukawia kidogo kabla ya kulipuka, na ikilipuka kitasa kikiwa wazi shaba yote humrudia mpigaji. Hata zile zinazolipuka vizuri zina lao: fataki hizo zina chumvi ya klorati inayobaki ndani ya mtutu baada ya risasi kutoka, ikavuta unyevu na kuleta kutu katika muda wa siku chache. Askari wa zamani walimimina maji yanayochemka ndani ya mtutu kila baada ya kufyatua, na bunduki ya kisasa ya bei ghali isiyopewa huduma hiyo huharibika kwa mapato ya kumtishia fisi mmoja. Kuhusu zile tano za .470, hakuna hata kazi halali ya kuzifanyia: uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imeendelea kuukataza. Fisi na mwiba wa boma lililozungushwa vizuri wanaelewana zaidi, na maafisa wa Huduma ya Wanyamapori ndio wa kuitwa wakizidi.

Mfanye nini basi? Msizisafishe. Msizipake mafuta, msizisugue kwa mchanga wala kitambaa, msijaribu kung'oa kichwa kwa koleo ili mbaki na ganda la mapambo, kwa kuwa fataki itabaki hai, na ile yenye duara jekundu ina dawa ya moto kwenye kitako cha kichwa chake. Msizitupe chooni, msizizike, na msizichome. Risasi ikiwa motoni nje ya bunduki haipigi mbali, lakini ganda lake hupasuka na vipande kurushwa, na jicho halihitaji kipande kikubwa. Lirudisheni sanduku mahali pakavu pasipofikiwa na watoto, mlifunge, na mtu mmoja tu awe na ufunguo.

Kisha nendeni kituo cha polisi mikono mitupu. Nasisitiza maneno hayo, kwa kuwa watu wema wengi hufunga risasi katika gazeti, wakapanda matatu kwenda kuzisalimisha, wakakutwa nazo kwenye kizuizi cha barabarani kabla hawajafika, na hapo kueleza nia yako kwa afisa asiyekujua ni kazi ngumu. Nendeni wawili au watatu, mmoja wenu akiwa na barua ya chifu inayothibitisha kifo cha nyanya na kwamba nyumba ilikuwa yake; mkiweza kumpata wakili, afadhali awepo. Mwombeni kumwona OCS, yaani mkuu wa kituo mwenyewe, mwelezeni jinsi sanduku lilivyopatikana, na mwombe taarifa yenu iandikwe katika OB, kitabu cha matukio cha kituo, kabla ya afisa kutumwa kulichukua. Nambari hiyo ya OB, pamoja na hati ya mapokezi inayotaja idadi ya risasi za kila aina, iwekwe na karatasi za mirathi. Serikali hutangaza mara kwa mara muda wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha, lakini msikae kuungoja.

Mkiwa hapo, mwombeni afisa jambo moja kwa adabu: azichukue risasi na awaachie kitambaa cha mkanda na pakiti tupu ya Kynoch. Uamuzi ni wake, na akikataa msibishane. Akikubali, mtakuwa mmebaki na sehemu ya urithi huo inayoweza kutundikwa ukutani, na kwa ile pakiti, sehemu ambayo mkusanyaji angeilipia bila mtu yeyote kuvunja sheria.

SWALI

Mume wangu, aliyefariki miezi michache iliyopita, alikuwa na leseni ya bunduki ya .375 aliyoitumia kulinda shamba letu la miwa, pamoja na pakiti mbili za risasi zilizonunuliwa na baba yake miaka ya 1970. Cheti chake kimekwisha muda. Shemeji yangu anadai nimkabidhi vyote kwa kuwa ndiye mkubwa wa boma sasa, na anasema risasi hizo za zamani zina bei kuliko bunduki. Nifanyeje?
Mama Watatu, Kisumu

JIBU

Mama, pokea pole zetu. Usimkabidhi shemeji chochote. Ukubwa wa boma ni heshima yake na hakuna anayemnyang'anya, lakini haumpi ruhusa ya kushika silaha. Ukimpa bila cheti, nyote wawili mtakuwa mmeingia makosani, wewe kwa kutoa na yeye kwa kupokea. Hata hati ya usimamizi wa mirathi utakayopewa na mahakama chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakupa mamlaka juu ya mali ya marehemu kwa jumla, haikugeuzi kuwa mwenye leseni. Mwarifu OCS wa eneo lako sasa hivi, ukiwa na cheti cha kifo na kile cheti cha bunduki kilichokwisha, uombe bunduki na risasi zichukuliwe zihifadhiwe na upewe hati. Kama mmoja wa wanao aliye mtu mzima anataka kuirithi bunduki, aombe cheti chake mwenyewe kwa Bodi ya Leseni za Silaha, naye atachunguzwa kama mwombaji mwingine yeyote. Asipopatikana, bunduki inaweza kuuzwa kwa mfanyabiashara mwenye leseni kwa idhini ya polisi, na fedha zake zikaingia katika mirathi.

Kuhusu bei, shemeji amesikia habari za risasi nyingine. Risasi ya .375 ya Holland & Holland ilitoka mwaka 1912 na haijaacha kutengenezwa hadi leo katika nchi kadhaa, kwa hiyo pakiti ya miaka ya 1970 haina uhaba wowote wa kuipandisha bei. Atakayeipata bunduki hiyo kihalali anunue risasi mpya, na zile za babamkwe wako zibaki kwa polisi.

SWALI

Nilipokuwa nikichimba msingi wa zizi kando ya mji wa Kisii nilipata maganda matatu makubwa ya shaba yaliyogeuka kijani. Moja bado lina kichwa cha madini mazito, butu mbele. Wazee wanasema ni ya vita vya Wajerumani. Je, niyasafishe niyauze kwa watalii?
Mchimbaji, Kisii

JIBU

Wazee wako hawabahatishi. Mnamo tarehe 12 Septemba 1914 askari wa King's African Rifles walipambana hapo Kisii na kikosi cha Wajerumani kilichokuwa kimevuka mpaka. Wakati huo askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani bado walibeba bunduki za zamani za Mauser za mwaka 1871, zilizotumia risasi butu ya milimita 11 na baruti nyeusi, ambayo moshi wake mzito ulimwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha. Mdomo wa ganda ukiwa na upana wa milimita 11 hivi na urefu wa ganda lenyewe ukikaribia milimita 60, basi huenda umefikia mabaki ya siku hiyo.

Lile lenye kichwa usiliguse tena. Baruti nyeusi haiozi kama kordaiti. Ikikauka baada ya kulowa miaka mia inaweza kuwaka kwa cheche moja, na sururu hutoa cheche. Weka alama mahali penyewe, simamisha kazi upande huo, na uwaite polisi waje kulichukua. Yale mawili matupu, kama yana alama ya kupigwa kwenye fataki, hayana hatari tena, lakini waonyeshe polisi nayo ili yasije yakakuletea maswali baadaye. Usiyasugue, kwa sababu ule ukijani ndio unaoshuhudia umri wake, na chapa ya kiwanda iliyo chini yake hufutika kirahisi. Watalii waache. Chukua picha ya kila ganda likiwa kando ya rula, kitako kikionekana, uandike umbali wa shimo kutoka barabarani na kina chake, kisha uipelekee Makumbusho ya Kisumu pamoja na nakala ya OB. Mtaalamu wa makumbusho atataka kwanza kujua yalilala vipi ardhini, kwa hiyo kama bado hujafukia, acha shimo wazi ulifunike kwa turubai.